Babu wa misheni: uanzie kwa wazee, daftari la ubatizo, nyaraka za serikali au kipimo cha DNA?

Wenzako wakiulizwa kwao ni wapi hutaja mlima, mto au kijiji. Wewe uliyezaliwa Freretown, Rabai, Bagamoyo, Mbweni au Masasi katika ukoo wa watu wa misheni, yaani watumwa walioachwa huru wakapokelewa na wamisionari, ukiulizwa unajibu "hapa hapa", na aliyeuliza anakutazama akingoja umalizie. Unajua kwamba babu wa babu yako aliletwa, akapewa kiwanja na jembe, akalowea. Alitoka kijiji gani, mamake aliitwa nani, nduguze walibaki wapi, hayo yalikatika njiani kabla hajakanyaga shamba hilo.

Mimi ni kilembwe wa mtu wa namna hiyo, upande wa mama. Alishushwa Freretown, kisha akahamia Rabai akalima mahindi na mihogo mpaka akazikwa huko. Nimemfuata kwa njia nne, na kila mwaka kuna mtu wa ukoo au rafiki anayeniuliza aanzie wapi na babu yake mwenyewe. Wengi huanza na ile iliyo rahisi kulipia, yaani kipimo cha DNA, na hurudi na rangi kwenye ramani ambazo hawajui wazifanyie nini. Ndiyo maana naziweka njia zote nne ubavu kwa ubavu hapa.

Kabla ya kuchagua yoyote, tafuta jibu la swali moja: nani alimpokea? Watu hawa hawakuandikwa walikotoka. Waliandikwa walikopokelewa, na aliyewapokea ndiye aliyeshika kalamu. Ukimjua mpokeaji, unajua daftari ni la lugha gani, liko nchi gani na unaweza kutarajia nini ndani yake.

Waliopokea

Mombasa na Rabai, mpokeaji alikuwa CMS, misheni ya Kianglikana. Wamisionari wake, Krapf na Rebmann, walifungua kituo cha Rabai mwaka 1846, lakini wakazi wengi walikuja baadaye sana. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja, na manowari za Waingereza zikazidi kukamata majahazi. Waliotolewa humo walihitaji mahali pa kukaa. Ndipo mwaka 1875 ikaanzishwa Freretown, bara ya kaskazini mwa kisiwa cha Mvita, kwa jina la Bartle Frere, mjumbe wa Kiingereza aliyekuja Unguja kuudai mkataba ule. Kengele yake ingali pale, na mtaa mzima unaitwa Kengeleni.

Baadhi ya waliowatangulia walikuwa wamelelewa India, kwenye shule ya misheni karibu na Nasik, baada ya kuokolewa baharini wakiwa watoto. Kwa hiyo utakuta pale Rabai Mwafrika mwenye jina kama William Jones au Ishmael Semler, wote wawili wakifanywa mashemasi mwaka 1885. Ukoo wenu ukiwa na jina la Kizungu lisiloelezeka na masimulizi ya "babu alijua Kihindi", elekeza macho India kabla ya Ziwa Nyasa.

Rabai ilikuwa pia na watoro, waliokimbia mashamba ya pwani na kujificha misheni. Hao hawakushushwa kutoka jahazi lolote. Tarehe 1 Januari 1889 kampuni ya Kiingereza ya IBEA ililipa fidia kwa mabwana zao, na zaidi ya watu 1,400 katika misheni za pwani wakapata uhuru wenye karatasi.

Bagamoyo ni habari nyingine. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, Wafaransa wengi wao, waliingia mwaka 1868. Walikomboa watoto kwa fedha sokoni Unguja, wakawalea, wakawafundisha kazi, wakawaoza, kisha wakawapeleka bara familia kwa familia kufungua vijiji vipya: Mhonda mwaka 1877, halafu Mandera, Morogoro na kwingine. Kwa hiyo mzee wa Mhonda anaweza kuwa na ubatizo wa Bagamoyo, na ukimtafuta Mhonda peke yake hutampata.

UMCA, Waanglikana wengine, walikaa Unguja. Walikuwa na kijiji cha Mbweni, na mwaka 1876 Askofu Steere akawaongoza watu walioachwa huru kutoka Unguja kwenda kusini, wakaishia Masasi. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana kule kama Wamagwangwara, waliivamia Masasi, na wengine wakahamia Newala. Ukoo wa Masasi usipounganika na miaka ya kwanza, kumbuka uvamizi huo.

Na wako ambao hawakupokelewa na mmisionari yeyote. Walibaki shambani kwa bwana, au walitoroka wakakata pori lao wenyewe. Kwao daftari la kanisa halitasema kitu mpaka kizazi cha pili au cha tatu.

Wazee na daftari, kwa pamoja

Nazijadili hizi mbili kwa pamoja kwa sababu zinasaidiana kuliko nyingine zote, na kwa sababu nimeona kila moja ikimpotosha mtu aliyeitegemea peke yake.

Wazee wana vitu ambavyo hakuna karani aliyeviandika. Wanajua nani alikuwa jirani wa nani, nani alinyonyeshwa na mama asiye wake, kaburi lisilo na jiwe liko chini ya mti gani. Wasichokuwa nacho ni miaka. Mzee hakwambii 1898, anakwambia "wakati wa Magunia", ile njaa ambayo Wagiriama na majirani zao waliipa jina la magunia ya chakula kilicholetwa. Hilo si kasoro. Ukiwa na orodha ya matukio ya mahali penu, kama tufani ya Unguja na Bagamoyo ya mwaka 1872, vita vya Abushiri vya 1888 na 1889, nzige, Magunia, Maji Maji ya 1905 hadi 1907, unaweza kumpa kila mtu nafasi yake: alizaliwa kabla, alikuwa anatambaa, alikuwa ameoa.

Ugumu wa wazee uko kwenye swali lenyewe. Nilipoanza nilimwendea babu mdogo, ndugu wa mwisho wa babu yangu, nikamwamkia, nikakaa mkekani, nikamuuliza bila kuzunguka kama babu yake alikuwa mtumwa. Alinyamaza. Akachukua kofia yake, akasema anakwenda kuangalia mbuzi, na siku ile hakurudi barazani mpaka nilipoondoka. Nilikuwa nimelitia mdomoni neno ambalo wazazi wake walitumia maisha yao yote kulisahaulisha, na nimejutia mpaka leo.

Nilirudi baada ya miezi kadhaa. Safari hii nilimuuliza habari za mwembe ulio nyuma ya nyumba: "Babu, huu aliupanda nani?" Akataja jina. Na ule wa pili? Jina jingine. Na minazi ile mitatu mbona inavunwa na watu wa upande wa pili na shamba ni letu? Hapo akaanza kuzungumza. Pwani yetu mti una mwenyewe hata ardhi ikiwa ya mwingine, na anayejua miti anajua warithi. Ilipofika magharibi nilikuwa na majina kumi na moja, na jambo ambalo sikulitafuta: kuna ukoo wa pili pale Rabai ambao sisi hatuoani nao. Si damu moja. Babu alisema tu, "Hao ni ndugu. Walikuja chombo kimoja." Juu ya asili yetu alisema sisi Wanyasa.

Sasa daftari. Ubatizo wa kwanza wa watu hawa haufanani na wa mtoto wa leo. Katika daftari la Kikatoliki utakuta Kilatini: jina jipya la mtakatifu, pengine jina la zamani pembeni, umri wa kukisia ukitanguliwa na *circiter*, yaani yapata, na penye wazazi *parentibus ignotis*, wazazi wasiojulikana, au *infidelibus*, wasiobatizwa. Halafu mdhamini na padri. Katika daftari la Kianglikana kuna safu za Kiingereza, na ile ya wazazi mara nyingi ni kistari kitupu. Mtu akiona kistari hicho huona safari imekwisha, hufunga daftari na kurudi nyumbani.

Nami nilimpata babu yangu hivyo. Tarehe, jina la Biblia, kistari. Pembeni, kwa wino uliofifia, neno moja: Yao. Nikaketi nalitazama neno hilo kwa muda mrefu, maana babu mdogo alisema Wanyasa. Kumbe hakuna aliyedanganya. Mnyasa pwani lilikuwa jina la kapu: kila aliyeletwa kutoka upande wa ziwa aliitwa hivyo, awe Myao, Mnyanja au mwingine. Karani aliuliza zaidi kidogo kuliko majirani walivyouliza.

Kisha nikafanya ambalo sasa namsisitizia kila mtu. Niliusoma ukurasa wote, si mstari wetu tu. Siku ile walibatizwa watu kadhaa, na mistari miwili chini ya babu kulikuwa na jina la mzee wa kwanza wa ukoo ule ambao hatuoani nao. Pembeni pake pia: Yao. Kwenye daftari la ndoa, yeye ndiye shahidi wa babu. Bila simulizi la babu mdogo nisingejua jina lile lina maana. Bila daftari, "chombo kimoja" kingebaki maneno ya barazani tu.

Kuna shida za daftari ambazo lazima uzijue mapema. Tahajia ni ya masikio ya mgeni. Juma wa Mfaransa ni Djouma, wa Mjerumani ni Dschuma. Uzigua kwa Kifaransa huanza na Ou. Msome kwa sauti, usimsome kwa herufi. Jina nalo hubadilika: nilipoteza mwaka mzima nikimtafuta kwa jina ambalo ukoo unalitumia, kumbe ni jina alilopewa alipopata kipaimara akiwa mtu mzima. Tena si kila kituo kitakufungulia. Parokia moja, ambayo sitaitaja, iliniacha nikingoja majibu ya barua tatu, na nilipokwenda mwenyewe nikaambiwa kitabu cha kwanza kililiwa na mchwa. Huenda ni kweli. Hapo ndipo inafaa kujua kwamba nakala za ripoti na barua zilipelekwa makao makuu: za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, za UMCA ziko maktaba ya Bodleian mjini Oxford, na za mapadri wa Roho Mtakatifu ziko Chevilly-Larue karibu na Paris. Wamisionari wa Bagamoyo waliandika pia kumbukumbu za nyumba yao za kila siku, na humo mkulima wa kawaida anaweza kutokea akiugua, akijenga au akigombana na jirani.

Nyaraka za serikali

Hizi huchosha kuliko daftari na hutoa kidogo zaidi, ila kwa yule ambaye babu yake hakupokelewa na misheni ndizo tegemeo. Kila dola iliacha karatasi zake kwa wakati wake. Unguja na Pemba, amri ya mwaka 1897 iliwaruhusu watu kwenda mahakamani kudai uhuru, na bwana akalipwa fidia. Mabaki ya karatasi za enzi hiyo, pamoja na za ubalozi wa Kiingereza, yatafute kwenye Nyaraka za Taifa Zanzibar pale Kilimani. Baadhi ni za Kiarabu au Kiswahili cha hati ya Kiarabu, kwa hiyo nenda na mwalimu wa chuo anayesoma hati za zamani.

Bara ya Tanzania, Wajerumani walikuwa wakitoa barua za uhuru, na watoto waliozaliwa baada ya mwaka 1905 walihesabiwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa na Waingereza mwaka 1922. Mafaili ya Kijerumani yako Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na ya wizara yao ya makoloni yako Berlin, ambako mengi yamewekwa mtandaoni bure. Mwandiko ni ule wa kale wa Kijerumani. Hata anayekijua Kijerumani cha leo hukwama mpaka ajifunze herufi zake.

Kenya, utumwa ulifutwa mwaka 1907, na mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi za pwani. Watu walitakiwa kuwasilisha madai yao, na dai la ardhi hutaja mipaka na majirani. Kwa mkulima hilo ni jambo kubwa. Anza Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, ukiuliza mafaili ya Pwani. Beba kitambulisho na barua ya utambulisho, na uulize masharti kabla ya kusafiri.

Za manowari ziko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London. Utapata jina la jahazi, mahali lilipokamatwa na idadi ya waliokuwemo, lakini majina yao ni nadra. Nilizisoma nikiwa nimeshapata tarehe ya ubatizo, na hata hivyo sikuweza kuthibitisha kwamba jahazi fulani ndilo lake.

DNA

Sisemi kipimo hiki hakifai. Nasema kina mahali pake, na mahali hapo si mwanzo.

Una mababu na mabibi 16 wa kizazi cha babu wa babu. Kwa wastani kila mmoja amekuachia asilimia 6 na kitu ya urithi wako. Kilembwe akipima, matokeo yanachanganya wote 16, na ukoo wa misheni ulioana na Wadigo, Wagiriama, Wataita na waliokuja vyombo vingine. Asilimia kwenye ramani hazikwambii ipi ni yake. Isitoshe zinalinganishwa na sampuli za watu wa leo, na za Malawi, Msumbiji na kusini mwa Tanzania ni chache mno kwenye hifadhi za kampuni hizo kuliko za Wazungu na Wamarekani.

Kinachofaa zaidi ni kuchagua mtu wa kupima. Kromosomu Y hupita baba kwa mwana bila kuchanganyika. Babu ninayemtafuta ni baba wa baba wa baba wa mama yangu, hivyo Y yangu haina habari zake, ila mjomba anayo. Kama unamtafuta bibi unayemfikia kwa kupitia wanawake watupu, ni DNA ya mitokondria, ambayo mama humpa mtoto. Ukimpima mtu asiyefaa umetupa dola zako.

Thamani yake ya kweli ni kupata jamaa. Waliokamatwa baharini hawakuletwa Freretown peke yake. Wengine walishushwa Shelisheli, Morisi, Aden na Bombay, na waliouzwa walifika Oman na Ghuba. Ndugu wawili wangeweza kutenganishwa kwa tofauti ya chombo kimoja au siku moja. Jamaa wa Shelisheli akitokea kwenye orodha yako, hakuna daftari ambalo lingekupa hilo. Lakini mwombe mzee ruhusa kwa maneno kamili kabla ya kumchukua mate. Kipimo hicho hicho hufichua baba asiye baba, na mtu wa miaka 80 ana haki ya kukataa kujua.

Kuna pia FamilySearch, ya bure, yenye nasaba zilizorekodiwa kwa mdomo katika nchi kadhaa za Afrika. Itafute kwa jioni moja, kisha endelea.

Basi wewe uanze wapi?

Kama una mzee hai wa kizazi cha wajukuu wa mlowezi, au hata vitukuu, sioni sababu ya kuanza penginepo. Nenda mwezi huu, ukiwa na simu ya kurekodi na swali la mti.

Wazee wakiwa wamekwisha lakini mnajua misheni, anza na daftari la ndoa kabla ya lile la ubatizo. Ndoa huja na mashahidi, na ilifanyika mtu akiwa mkubwa, jina lake likiwa limetulia. Kutoka hapo rudi nyuma kwenye ubatizo. Mtu wa Mhonda au Morogoro aandikie Bagamoyo kwanza. Wa Masasi aulize Unguja.

Mkiwa hamjui misheni yoyote na ukoo ni wa Kiislamu wa mashambani, Pemba, Malindi au mrima wa Pangani, daftari la kanisa ni kupoteza nauli. Tafuta hati ya shamba nyumbani, ndani ya kasha la bibi, kisha Kilimani au Nairobi kulingana na upande wenu. Angalia na majina yenyewe: Feruzi, Almasi, Marjani, Mabruki, Zafarani ni majina ambayo mabwana waliwapa watumwa mara nyingi, na jina la bwana linaweza kuwa ndilo ufunguo wa faili.

DNA ifanye ukiwa umeshafika kwenye neno moja kama lile la pembeni, na unataka kulipima. Hapo nipo mimi sasa. Mjomba amekubali, na mzee mmoja wa ukoo wa chombo kimoja amesema naye atatoa mate yake, tuone kama babu zetu hao wawili walikuwa ndugu kabla ya jahazi au walifanyika ndugu humo ndani.